Ejo ya Nyuma, Ejo ya Mbele

Tarehe 26 mwezi wa kwanza, 1997. Rumonge

Biasha, jirani yangu, siku ile ulipanda boti kwenda Kigoma ulinipa hii kaye ya shule ya mutoto wako na biki ya kuandikia, ukaniambia, Asiya, andika mambo yote ya mutaa, nikirudi utanisomea, sitaki kupitwa na kitu. Basi ninaandika. Shule nilifika mwaka wa tatu tu, na huo wa tatu nilikuwa ninaangalia dirishani, kwa hiyo nukta na mikato utaweka wewe.

Nyumba yako iko. Mulango iko. Ile kuku yako nyeusi haiko, na ninajua nani alikula, lakini tuko ndani ya Ramadhani, nitasema baada ya Idi.

Athumani wangu bado iko kule juu kwenye hopitali ya kilimani. Unakumbuka alivyoanguka kutoka juu ya mti wa mawese akikata ngazi, yale mashada. Paja yake wameifunga kamba, kwenye kamba wakatundika jiwe linaning'inia nyuma ya kitanda, eti linavuta mufupa ukae sawa. Hawezi kugeuka huku wala huku, amelala mugongo kama samaki mukeke kwenye karai. Sasa wiki hii wamepigana kule juu. Wadaktari na masista wameshuka na gari, ile kamiyo ya hopitali, wagonjwa wenye miguu wameshuka na miguu yao. Askari wameweka bariyeri chini ya kilima, hakuna kupanda. Athumani hakushuka.

Watu wananipitia mulangoni kuangalia kama ninalia. Nimekaanga vitumbua, vimeisha vyote.

Tarehe 28

Leo habari iko, na nzuri.

Kadidja, wifi yangu, amekuja mbio kutoka sokoni, viatu ameshika mukononi, na wewe unajua dada ya Athumani vile hakimbiagi hata mvua. Amekutana na yule zamu, mulinzi wa hopitali, muzee Jean-Pierre, wa kutoka Bugarama, mwenye koti refu la kaki anavaa hata jua likiwaka. Alishuka kwa kupita kwenye mawese, akifichama askari. Akamushika Kadidja mukono kati ya wauza ndagala, zile samaki ndogo, akamwambia maneno matatu tu, na kile Kiswahili chake cha kubeba juu ya kichwa:

"Athumani, tunamusindikiza ejo."

Kisha akaona askari wanaingia sokoni wakiuliza watu vitambulisho, akapotea.

Wanamuleta ejo, ndiyo kesho. Nimefagia, nimetoa matela ya kulalia juani, Kadidja ameleta muchele aliouficha tangu embarigo ianze na vitu vikaacha kuingia, na mimi nikajifanya sikujua aliuficha. Shehe Hakimu amesema atakuja kusoma dua. Tumeazima machela ya mutaa, kama wale wanaomusindikiza watachoka njiani.

Tarehe 29

Hakuja. Wali tumefutari nao sisi.

Tarehe 30

Hakuja. Mvua kubwa. Pengine ni mvua.

Tarehe 4 mwezi wa pili

Hakuja. Jean-Pierre naye sokoni hajaonekana tena. Kadidja anakaa pale pale kwa wauza ndagala kila asubuhi, mahali alipomushika mukono, mupaka wamemupa kazi ya kufukuza kunguru.

Tarehe 9

Idi. Nilipaka hina mikono yote miwili na nikavaa ile kanga Athumani alininunulia kabla ya kuanguka, ya njano. Nilisema akikuja leo anikute ninapendeza. Kadidja akanitazama tangu kichwa mupaka muguu, akauliza ninajipambia nani. Nikamujibu mbele ya wamama wote kwamba ninajipambia kuku nyeusi ya Biasha, ile iliyoingia kwenye sufuria ya mutu fulani siku Biasha alipopanda boti. Wamama walicheka mupaka mumoja akakojoa kidogo. Kadidja hakunisemesha tena.

Basi sasa umejua ni nani.

Nilikula vizuri, nililala vizuri. Ninaandika hii juu ya kusema wazi: ndani yangu hakuna kitu. Haiumi. Iko kama muguu ukikalia vibaya, unaugusa unaona ni muguu wa mutu mwingine.

Tarehe 18

Habari tamu. Chanceline, yule Mukongomani wa Baraka aliyepanga chumba chako cha nyuma tangu vita ya kwao, anachumbiwa na Mulamba. Ndiyo, Mulamba yule muuza mabati, mwenye bibi Uvira na bibi Nyanza-Lac. Chanceline anasema, "Mama Asiya, mimi sina mupango na yeye, niko na mupango na mabati." Mutoto muzuri, atafika mbali.

Athumani hapana.

Tarehe 27

Leo kwa muuza sukari wamesema Athumani ameonekana Kabonga. Anatembea na mikongojo, ananunua samaki. Nikauliza nani alimuona. Ni bwana ya fulani. Nikaenda kwa bwana ya fulani, yeye alisikia kwa mupikaji wa sabuni. Nikaenda kwa mupikaji wa sabuni, akaniangalia, akasema, "Si wewe uliniambia?"

Ni kweli, Biasha. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimekaa pale nikasema pengine walimuteremusha upande wa pili, pengine iko Kabonga. Pengine. Ile mikongojo waliongeza wenyewe. Samaki pia.

Miaka yote mimi na wewe tunatuma maneno kwenye mutaa yanarudi yamenenepa, tunacheka. Hili nalo lilirudi na mikongojo.

Tarehe 6 mwezi wa tatu

Mulamba amesikilizana na askari wa bariyeri, watu wake wanapanda asubuhi wanashuka saa sita. Hopitali inashuka kipande kwa kipande: mabati, milango, sinki. Ile mizani ya kupimia watoto wachanga, yenye kachupi ka kutia miguu, imetundikwa sokoni, wanapimia ndagala kavu. Nimenunua. Muuzaji aliniambia, leo umezaa kilo mbili, wote wazima.

Tarehe 14

Nimepanda. Nilimwambia Mulamba sitaki bati, ninataka kuangalia kitanda. Akanipa Chanceline wa kunisindikiza na mufuko wa kubebea kama tukipata cha kubeba.

Biasha, wewe ulizaa watoto wako wote pale, sasa sikiliza. Ukipita geti, ile bustani ya masista ni majani mupaka kiunoni. Pale tulikuwa tunangojea kwenye benchi na makaratasi yetu, benchi haiko, iko alama yake tu kwenye ukuta, mustari wa migongo ya watu. Ndani ya koridori gunia la mahindi lilipasuka siku ya kukimbia, mvua ikapita pale mabati yametoka, na mahindi yameota. Ndani ya koridori, Biasha. Yamefika magotini, yamejipanga kufuata maji. Chanceline alisema hakuna hata mutu wa kuyalima na yako mazuri kuliko ya kwetu.

Kwenye chumba cha watoto mumelala mbuzi. Walituangalia kama wanataka makaratasi yetu. Kwenye chumba cha radio, ile ya kupiga picha ya mifupa, kumeingia nyuki, na zile picha nyeusi zimetawanyika chini, miguu ya watu, mbavu za watu, tunazikanyaga. Chanceline aliokota nzuri nzuri, anasema zitaziba dirisha lake mvua isiingie. Mimi nikamuambia achague zisizo na kichwa, atalala vibaya.

Harufu hakuna. Nilikuwa nimejifunga kanga puani bure.

Chumba cha wanaume ni cha mwisho, kinaangalia ziwa. Vitanda vyote vimebebwa. Nilijua cha Athumani kilikuwa kile cha dirishani, juu ya ukuta mumebaki musumari mukubwa ule wa kuvutia kamba. Chini yake, jiwe. Lile jiwe lenyewe, na kamba yake. Hakuna aliyelibeba, nani anaiba jiwe.

Nikachuchumaa. Kamba haikukatwa. Imefunguliwa, mafundo yamelegezwa moja moja, halafu ikakunjwa vizuri ikawekwa juu ya jiwe, kama mutu anakunja shuka.

Chanceline akasema, "Aliyefungua hakuwa na haraka."

Nikasema basi aliondoka vizuri. Mutu anafunguliwa muguu ili atembee. Nilikuwa na furaha, ninafikiri ilikuwa furaha, nilikula andazi palepale nikikaa juu ya jiwe.

Nimelibeba mupaka nyumbani. Chanceline anacheka, watu wanashuka na mabati, mama anashuka na jiwe. Ninalitumia kushikilia mulango upepo ukivuma.

Tarehe 15

Chanceline ameweka picha dirishani. Inayoniangalia mimi nikikaanga vitumbua ni paja, na imevunjika katikati.

Tarehe 16

Nimeuliza kama haina jina. Haina. Paja ni paja.

Tarehe 24

Mvua. Paja ya dirishani ikipigwa na jua asubuhi inakuwa ya buluu. Nimeizoea, ninaisalimia.

Tarehe 2 mwezi wa ine

Biasha, hii ninaandika polepole.

Kadidja alikuja kuazima chumvi, juu ya hii embarigo hata anayekununia anakuja kuazima chumvi. Chanceline alikuwa anasuka nywele zangu. Tukaanza tena yale yale, Kadidja akasema Jean-Pierre alisema ejo, ejo haikufika, basi kuna kitu kiliwakuta njiani, ama Athumani alipona akaenda zake kwa mwanamuke mwingine Kabonga, juu ya bibi yake ana mudomo. Mimi nikasema alifunguliwa kamba taratibu, kamba yenyewe niko nayo kwenye jiwe, ataonekana.

Chanceline akaacha kusuka. Akauliza, kama mutu anauliza njia:

"Ejo gani?"

Tukamutazama.

"Mimi ni wa Baraka," akasema, "Kirundi chenu ninakisikia kwa mbali. Ninyi hapa jana munaita ejo, kesho munaita ejo. Huyo muzee alisema ejo gani?"

Mimi nikamwambia ni wazi, alisema *tunamusindikiza*, hakusema *tulimusindikiza*. Na nilipokuwa ninasema, nilisikia kwenye masikio sauti ya Jean-Pierre siku zile nilipokuwa ninapeleka chakula. Nikifika getini asubuhi alikuwa ananiambia, "Mama, bwana yako analala vizuri," maana yake alilala. "Muvua inanyesha usiku," maana yake ilinyesha. Yule muzee Kiswahili chake kina *na* tu. Jana *na*, leo *na*, kesho *na*.

Na kusindikiza. Mgeni tunamusindikiza. Bibi arusi tunamusindikiza. Na nani mwingine tunamusindikiza, Biasha, unajua.

Kadidja aliondoka bila chumvi. Nikamuambia Chanceline amalizie upande uliobaki, siwezi kwenda sokoni na nusu ya kichwa.

Jioni nilipika maharagwe. Nilikula yote.

Tarehe 3

Nilikwenda kwa Shehe Hakimu. Nikamuuliza kama nikae eda. Akauliza nani amesema Athumani amekufa. Nikasema hakuna, ni neno moja tu linaangalia pande mbili. Akasema mwanamuke hakai eda kwa neno linaangalia pande mbili. Mupaka mutu mwaminifu aseme kwa mudomo wake. Ni shehe muzuri lakini alikuwa anaangalia hina iliyobaki kwenye kucha zangu.

Kwa hiyo mimi si bibi ya mutu na si mujane. Niko sokoni.

Tarehe 9

Mvua imekata njia ya juu. Hata Mulamba hapandi.

Tarehe 18

Idi kubwa. Sikupaka hina.

Tarehe 29

Kadidja sasa anakuja kila siku. Haazimi kitu. Anakaa kwenye kile kigoda, anamenya ndizi zangu, anaondoka. Miaka yote nilikuwa ninasema anataka mawese ya kaka yake. Jana nilimwambia kama anataka ile miti ya upande wa mutoni aichukue. Akaniambia, miti nitafanyia nini, ndiyo iliyomwangusha.

Kuku yako, amesema atakulipa. Amenunua kifaranga, cheusi.

Tarehe 12 mwezi wa tano

Mawese yanazaa sana mwaka huu. Wakataji hakuna, ngazi zinaozea juu. Chanceline ameolewa na Mulamba Jumamosi, lakini chumba chako hajakihama. Alivaa viatu vyako, nilimuruhusu, vimemukaa.

Tarehe 20

Mvua kidogo.

Tarehe 26

Haikunyesha.

Tarehe 31

Njia imekauka. Tumepanda, mimi na Kadidja. Safari hii hatukubeba mufuko.

Hopitali sasa ni kuta tu. Mbuzi wamehama. Mahindi ya koridori kuna mutu ameyavuna, mabua yamekatwa sawasawa. Tulipita vyumba vyote tena, Kadidja alitaka kuona ule musumari, akaushika. Halafu akaniambia nisikilize.

Ni fagio.

Kule nyuma, mahali sikufika mwezi wa tatu, kwenye nyumba ya wazazi, ile alipozaliwa mutoto wako wa mwisho, mabati yote yapo na mulango iko. Kwenye ua hakuna jani moja. Jean-Pierre na koti lake la kaki, anafagia, funguo zimejaa kiunoni, funguo za milango ambayo Mulamba aliiuza zamani.

Hakushituka. Akasema amahoro, tukasema amahoro. Akatutolea kigoda kimoja na ndoo moja ya kugeuza. Halafu akamuambia Kadidja, na alikuwa amekasirika kidogo, vile mutu mupole anakasirika:

"Mumechelewa sana. Miye ninangojea."

Kadidja akauliza anatungojea sisi?

"Ego, ndiyo. Ninashuka, ninakuambia wewe, katikati ya soko, askari wako pale, ninakuambia, tunamusindikiza ejo. Halafu hakuna mutu anakuja kuangalia. Hata dada. Hata bibi. Ninasema, Waswahili hawa wako namna gani."

Nikamuuliza mimi. Nilitaka iwe mimi.

"Muzee, ejo gani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jua linatokea wapi. Akanyosha mukono nyuma ya bega lake.

"Ejo. Ile ya nyuma."

Kadidja akakaa chini kwenye udongo, kigoda kikiwa pale pale. Akamuuliza kwa nini hakusema amekufa, neno ni moja, si refu. Jean-Pierre akasema mutu hamuambii dada ya mutu *amekufa* katikati ya ndagala. Kwao hawafanyi hivyo. Unasema mumemusindikiza, na mwenye masikio anaanza kulia. Alimuona Kadidja anakimbia, akafikiri anakimbia na kilio.

Nikamuambia alikuwa anakimbia kuleta muchele.

Alituambia yote, polepole. Siku ya kukimbia walibaki wagonjwa wane wasioweza kutembea. Kamiyo ilikuwa imejaa, walisema itarudi, na pengine ilitaka kurudi, lakini njia ilifungwa. Yeye hakuondoka juu ya funguo, alipewa funguo, hakuna aliyemuambia azirudishe. Akawa anawapikia uji. Watatu ndugu zao wa huko huko juu walikuja kuwabeba mugongoni. Athumani alibaki. Adhuhuri anamupelekea uji, Athumani anasema hapana, mupaka jua lizame. Jean-Pierre akafikiri anauchukia uji wake, akatia sukari ya masista. Bado hapana. Ndipo Athumani akamufahamisha ni mwezi wa kufunga. Jean-Pierre akamuambia, lakini wewe ni mugonjwa. Athumani akasema, kazi gani nyingine niko nayo hapa.

Hiyo ni yeye, Biasha. Hiyo ni sauti yake yote.

Kisha homa, muguu ukavimba, dawa zilikuwa kwenye kabati na yeye hajui kusoma ipi ni ipi, akaogopa kumupa ya kumuua. Asubuhi moja alikuta amemaliza. Akamufungua kamba taratibu.

Nikamuuliza kwa nini aliikunja.

"Ni kamba ya hopitali," akasema.

Kaburi liko nyuma, chini ya muti wa maua wa masista. Amelizungushia chupa za serumu, yale maji ya dripu, zimepigwa chini kwa shingo, matako yake ya kioo juu, jua linawaka ndani. Ni safi kuliko nyumba yangu. Alimuvika shuka nyeupe, alisikia ndivyo sisi tunafanya. Kadidja alikuwa anasoma fatiha, akafika katikati, akanyamaza. Akaangalia milima, akaangalia kaburi, akaangalia milima.

"Umemulaza anaangalia wapi?"

"Ziwani," Jean-Pierre akasema, na hapo alikuwa na furaha, juu ya hili alijua amefanya vizuri. "Kila sala alikuwa anaangalia kule dirishani, kwenye maji. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Nikasema Mungu wao iko kule. Kwa hiyo nikamugeuza, nikamulaza na ubavu, uso kwenye ziwa."

Biasha, kibla iko kule juu, kwenye milima, upande wa Bujumbura. Unajua. Kitanda ndicho kilikuwa kinaangalia ziwa, sababu ya ule musumari. Athumani alisali kule jiwe lilimufunga.

Kadidja akaanza kusema lazima afukuliwe, hawezi kulala hivyo kaka yake, amegeuzia Maka bega. Jean-Pierre akamutazama, akanitazama, furaha ikamutoka usoni, akauliza amekosa nini. Mimi nikamuuliza kama amekula leo. Akasema bado. Tulikuwa na ndizi, tukakaa tukala watatu, kwenye ua uliofagiwa.

Tarehe 2 mwezi wa sita

Shehe Hakimu alikuja nyumbani, tukakaa nje, Kadidja, mimi, Chanceline akisikiliza nyuma ya dirisha lake la mifupa. Tulimueleza.

Juu ya kaburi alifikiri muda, anavuta ndevu. Akasema asifukuliwe. Mugonjwa asiyeweza kugeuka anasali pale alipolazwa, na sala yake inapokelewa. Akasema angekuwa amezikwa na sisi tungemuangalisha kibla. Amezikwa na mutu aliyemuona anasali. Mungu atajua kupokea. Tutakwenda kumusalia pale pale, na hakuna kumuambia yule muzee amekosa. Kadidja alikubali na kichwa. Machozi yalikuwa yanamutoka bila sauti, yanaingia kwenye ndizi anazomenya.

Mimi niliuliza eda. Nilikuwa nimekwisha kupanga: kanga nyeupe Kadidja atanipa, Chanceline atauza vitumbua, kaye hii nitaifunga, juu ya mutu wa eda atapata wapi habari.

Shehe akaniuliza siku gani. Nikamuambia, ejo ya nyuma ya siku ile ya muchele. Akaanza kuhesabu miezi kwenye vidole, anaanza na Ramadhani, midomo inatembea. Akafika mwisho wa vidole, akarudi akahesabu tena. Akasema eda haingoji mwanamuke apate habari. Inaanza siku mutu anakufa. Umekuwa ndani yake wakati wote.

Nikasema nilipaka hina. Akasema hukujua. Nikasema nilicheka sana, niliwachekesha wamama. Akasema hukujua, Asiya.

"Na inaisha lini?"

"Ejo," akasema.

Kadidja akaacha kumenya. Nyuma ya ile paja ya buluu Chanceline naye akachungulia. Sisi wote tulimuangalia mudomo.

"Ejo gani, Shehe?"

Akafahamu. Akanyosha mukono mbele yake, njiani, upande tunaotazama sisi.

"Ya mbele."

Basi iko bado. Niko nayo siku moja ya eda.

Tarehe 3

Biasha, leo sina habari. Sikutoka. Jiwe nimelitoa mulangoni ili mulango ujifunge, nimeliweka karibu na mukeka. Kanga ya Kadidja ni ndefu, inanifunika miguu. Nimesikia watu wanapita nje wakicheka kitu, sikujua ni nini, na sikuuliza.

Chakula Kadidja alileta. Sikula.